Firmin Ngoy na Ngozi ya Jiwe

Firmin Ngoy alizaliwa upande wa Nyunzu, kwenye ardhi nyekundu ambako mtu hulima siku nzima bila jembe kugonga jiwe. Alifika Kalemie, ukingoni mwa ziwa, akiwa kijana, wakati reli ilipokuwa inatafuta watu wa kujenga kuta za kuzuia udongo usiporomokee njia ya treni. Walimpa nyundo na tindo. Alidhani ni kazi ya msimu mmoja, kumbe alikuwa amepata kazi ya maisha.

Mawe yake yalitoka kwenye kilima kilicho juu ya mto Lukuga, mahali ambapo sisi wote wa Kalemie tunapaita karieri, yaani machimbo ya mawe. Ni mawe ya mchanga. Kwa nje yamevaa ganda jeusi, gumu kama chungu kilichochomwa vizuri. Lakini ukilipasua moja unakuta ndani rangi ya papai lililoiva, na unyevu, na ulaini wa kukushangaza. Firmin alilikata jiwe likiwa bado na maji yake, akalichonga upesi, kisha akaliacha kivulini likauke taratibu.

“Jiwe linatoka jasho,” aliwaambia waliomuuliza anangoja nini.

Ndivyo alivyofundishwa na masoni mzee, fundi wa mawe aliyemwachia kazi. Maji yaliyo ndani ya jiwe hutembea polepole kuelekea nje, yamebeba chokaa kidogo na kutu ya ardhi. Yakifika usoni, jua linayakausha, na ule mzigo unabaki pale. Unashikana, unakaza. Halafu mvua, vumbi na vimea vidogo vya kijani vinaongeza weusi juu yake. Miaka ikipita, jiwe linakuwa limevaa ngozi yake lenyewe, na ngozi hiyo ndiyo inayolilinda.

Miaka ya mwanzo ya Zaire saruji ilikuwa bado inapatikana, na watu wenye uwezo walimwaga saruji juu ya makaburi ya watu wao. Kisha ikawa adimu, mtu anaweza kukaa bandarini mwezi mzima akingojea mfuko mmoja. Hapo watu wakamkumbuka Firmin. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ndogo, anayeishi na mke wake Léontine katika nyumba ya vyumba viwili karibu na barabara ya makaburi. Hawakuwa na watoto. Walikuwa wamelia juu ya jambo hilo zamani, wakamaliza, wakabaki wawili wanaotaniana kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Mwaka wa sabini na nne surua ilipita Kalemie. Ilichukua watoto wengi, na mmoja wao alikuwa Christiane, binti wa pekee wa Mama Adolphine, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwa, katika soko la ufukweni. Baba wa mtoto, Omer, alikuwa mashinisti wa treni. Siku mtoto alipofariki, treni ya Omer ilikuwa imeharibika huko Nyunzu. Joto lilikuwa kali na maiti haingeweza kungoja. Omer aliporudi, alikuta watu wamekaa chini uani, mkeke umeshakunjwa, na mkewe hana sauti.

Hakuuliza kaburi liko wapi. Alioga, akakaa na wenzake, na baada ya matanga akarudi kazini. Miaka ikapita bila yeye kukanyaga makaburini.

Kwa hiyo, matanga yalipoisha, Adolphine alikuja peke yake kwa Firmin kuagiza jiwe.

“Tuandike jina gani, Mama?” Firmin alimuuliza.

Adolphine alifikiri. Ilikuwa miaka ile ambapo majina ya ubatizo hayakutakiwa kwenye karatasi yoyote. Kila mtu alitafuta jina la ukoo wake na kulivaa mbele ya wakubwa. Nyumbani, kwa sauti ya chini, watu waliendelea kuitana kama walivyozoea.

“Andika Kapinga,” akasema. “Njo jina ya mama ya Omer. Biro ya reli, ile ofisi yao, inaijua hiyo. Sitaki maneno.”

Firmin alichonga KAPINGA, herufi kubwa na safi. Jiwe lilisimamishwa kichwani mwa kaburi, likiwa bado na rangi yake ya papai, na jua la asubuhi lilipolipiga lilionekana kama linawaka kwa ndani. Adolphine aliliangalia kwa muda mrefu.

“Ni muzuri,” akasema. “Ni muzuri sana, Papa Firmin.”

Akaamua moyoni kwamba halitageuka rangi hata kidogo.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya mitumbwi kuleta samaki, alipanda makaburini na ndoo ya maji, burosi ya kusugulia, majivu, mchanga wa ziwa na malimau mawili matatu. Alilisugua jiwe kama anavyosugua sufuria za nyumbani, mpaka weusi wowote ulioanza kujitokeza ukaondoka. Alisugua huku akizungumza na mtoto, akimweleza bei ya ndakala, nani ameolewa, nani amehamia Moba. Mawe yote ya jirani yalikuwa yanakuwa meusi. La Kapinga peke yake lilibaki la manjano, na watu waliopita walilionyesha kwa kidole.

“Yule mama anapenda mutoto yake,” walisema.

Ilikuwa kweli.

Baada ya misimu kadhaa ya mvua, Adolphine aliona kitu chini ya jiwe: mchanga laini, wa manjano, umejikusanya kama unga chini ya kinu. Aliufagia. Jumamosi iliyofuata ulikuwa umerudi. Kisha akaona ukingo wa herufi unapoteza ukali wake. Zile A mbili zilikuwa zinazibika. Mguu wa K ulikuwa umeanza kuyeyuka.

Alimkuta Firmin uani kwake, anakunywa chai ya mchaichai.

“Papa Firmin, sikuje kugombana,” alisema. “Lakini ile jiwe inaoza. Mutoto wangu anafutika.”

Firmin aliweka kikombe chini, akamfuata. Kufika, aliliangalia jiwe, akapitisha kidole gumba juu yake, na kidole kikarudi na mchanga. Halafu akaona ndoo iliyofichwa nyuma ya kaburi, na burosi, na maganda ya malimau yaliyokauka. Hakuhitaji kuuliza tena. Limau linakula chokaa inayoshika mchanga. Burosi inamaliza kilichobaki. Kila wiki jiwe lilitoka jasho lake, likajaribu kujivika ngozi, na kila wiki ngozi ilivuliwa kabla haijakaza.

Aligeuka kumwambia. Akaiona mikono ya Adolphine. Ilikuwa imepasuka kwa majivu na limau, nyama nyekundu ikionekana kwenye mikunjo ya vidole.

“Ni kosa yangu, Mama,” Firmin akasema. “Nilichagua jiwe mubaya. Nitaichonga upya, na hautalipa kitu.”

Alilichonga palepale lilipokuwa limesimama. Alipunguza uso wote wa jiwe kidogo, akarudisha herufi, ndani zaidi kuliko kwanza. Adolphine alilia kwa furaha, akamletea Léontine sahani ya samaki wa mikebuka wa kukaanga. Jumamosi iliyofuata alipanda na ndoo yake.

Maneno yakasambaa. Walioshona nguo pamoja, waliouza samaki pamoja, wakaanza kusema kwamba mawe ya Firmin yanaoza, kwamba hata yeye mwenyewe amekubali. Mtu mmoja aliyekuwa ameagiza jiwe kwa ajili ya baba yake hakurudi kulichukua. Firmin alisikia yote hayo. Aliendelea kukata mawe na kuyapanga kivulini, na wanunuzi wakawa wachache.

Uso ule mpya haukukaa hata nusu ya muda wa ule wa kwanza. Ulisuguliwa ukiwa bado na unyevu wake, na jiwe likaachia mchanga upesi zaidi. Adolphine akaja tena, safari hii bila hasira, amekunja kitenge mkononi kama mtu aliyekuja kuomba. Firmin akachonga mara nyingine. Jiwe lilikuwa sasa jembamba, na alipogonga herufi ya mwisho alishika pumzi.

Jioni ile Léontine alimwekea bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, mezani, akakaa mbele yake, asile.

“Utamuambia lini?”

“Nitamuambia nini? Kwamba ni yeye anamufuta mutoto yake kwa mikono yake mwenyewe? Wewe unaweza kumuambia?”

“Siwezi,” Léontine alisema. “Lakini mimi sikumudanganya. Wewe ulimudanganya, sasa anasugua na moyo mweupe. Ukichonga tena, jiwe itapasuka. Hapo utamupa uongo gani?”

Firmin alimega tonge, akalirudisha sahanini.

“Sisi hatukuzaa,” alisema. “Mimi ni nani wa kumufundisha mama ya muntu kuhusu kaburi ya mutoto?”

Léontine alinyoosha mkono, akampangusa vumbi la jiwe lililobaki kwenye nyusi zake. Halikuisha kamwe vumbi lile, hata Jumapili kanisani.

“Wewe ni muntu wa mawe,” akamwambia. “Usimufundishe kuhusu mutoto. Mufundishe kuhusu jiwe.”

Basi Firmin akamwomba Adolphine aje naye karieri, akisema anataka amwonyeshe kitu. Walipanda asubuhi, Léontine akiwa nao ili watu wasiongee vibaya. Chini yao Lukuga ilikuwa inayabeba maji ya ziwa polepole kuelekea magharibi, na kwenye njia ya reli mabehewa ya mizigo yalikuwa yamesimama.

Firmin hakusema neno juu ya kaburi. Alimpeleka kwanza mahali ambapo mbuzi wa watu wa kule walikuwa wamezoea kujikuna. Jiwe pale lilikuwa limeliwa, limeingia ndani kama shavu la mzee asiye na meno. Adolphine aligusa, mchanga ukamwagika kiganjani. Kisha akampeleka kwenye mwamba wa jirani, mweusi, ambao hakuna mnyama aliyeufikia. Akampa tindo yake.

“Piga, Mama.”

Adolphine alipiga. Tindo iliruka, ikaacha alama ndogo nyeupe.

“Tena.”

Alipiga tena, na mwamba haukujali.

Halafu Firmin akamwonyesha mahali pa tatu, ambapo ganda lilikuwa limevunjika zamani, labda kwa radi. Ganda lenyewe lilikuwa limebaki kama ganda la yai, unene wa kidole, na nyuma yake kulikuwa na tundu ambamo mtoto angeweza kuingia akakaa. Mchanga wote wa ndani ulikuwa umetoka na upepo.

“Zote ni jiwe moja?” Adolphine akauliza.

“Ni moja. Ndani zote ziko laini. Hii nyeusi ya nje njo inazishika. Inatoka ndani ya jiwe yenyewe, na jasho yake, pole pole. Ikipata nafasi ya kukauka, inakaza. Ikitolewa, jiwe inaanza upya, na kila mara nguvu yake inapunguka.”

Adolphine alisimama na tindo mkononi. Léontine aliona uso wake unabadilika, akasogea karibu.

“Kumbe ni mimi,” Adolphine akasema.

Aliangalia vidole vyake vilivyopasuka.

“Ni malimau yangu. Ni burosi.” Akamgeukia Firmin. “Na wewe ulijua. Ile siku ya kwanza, ulijua?”

“Nilijua, Mama.”

“Ulisema jiwe ilikuwa mubaya.”

“Niliona mikono yako. Nikakosa nguvu.”

Adolphine aliweka tindo chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

“Ungeniambia siku ile, ningelia siku moja,” alisema. “Jina ingebaki. Sasa miaka yote hii mumeniacha nasugua, nyinyi munaniangalia.”

Akashuka kilima peke yake. Léontine alitaka kumfuata, Firmin akamshika mkono. Walikaa pale juu mpaka jua likawa kali, na Firmin, ambaye mkewe hakuwahi kumwona akilia tangu ujana wao, alijifuta macho kwa mkono wenye vumbi na kuyafanya mabaya zaidi.

Wiki kadhaa Adolphine hakupanda makaburini. Sokoni aliuza ndakala kama zamani. Lakini siku moja, mwanamke wa meza ya jirani alipoanza tena hadithi ya mawe ya Firmin yanayooza, Adolphine alimkatiza.

“Ile jiwe haina kosa,” alisema, kwa sauti ya kutosha safu nzima kusikia. “Ni mimi niliiharibu, kwa kuisafisha kupita kiasi. Papa Firmin alinionea huruma akabeba kosa yangu. Mukitaka kusema, museme mimi.”

Jioni yake alifika kwa Firmin na kapu la samaki. Léontine alilipokea, akamvutia kiti. Adolphine na Firmin walisalimiana, wakaulizana habari za mvua.

“Bado nina hasira kidogo,” Adolphine akasema mwishowe.

“Ni haki yako.”

“Itaisha. Sasa niambie, tunafanya nini?”

Firmin alikuwa amefikiri juu ya jambo hilo usiku na mchana. Upande wa nyuma wa jiwe, ule ulioangalia ukuta wa makaburi, haukuwahi kusuguliwa na mtu. Alikuwa amekwenda kuutazama: mweusi, mkavu, mgumu, ngozi yake nzima imekamilika. Alitaka kuligeuza jiwe, uso ule uje mbele, na kuchonga jina humo. Herufi zenyewe zingekuwa kama kidonda kibichi kwa muda, ila ngozi ya pembeni ingezishika mpaka nazo zijifunge. Sharti ni moja, asiziguse mtu yeyote.

“Nitaweza,” Adolphine alisema.

“Kuna shida ingine. Jiwe imekuwa nyembamba. Kuigeuza inaomba muntu wa nguvu na mikono ya utulivu, na mimi peke yangu siwezi. Nilimufikiria Papa Omer. Muntu anayesimamisha treni bila kumwaga chai ya wasafiri.”

Adolphine aliangalia chini. “Omer haendi kule.”

“Najua. Lakini umuulize. Umuambie ni kazi, si maombolezo.”

Hatujui alimwambiaje. Tunajua tu kwamba asubuhi moja ya kiangazi Omer alionekana kwenye barabara ya makaburi, amevaa ovaroli lake la kazi, amebeba kamba ya reli begani, anatembea nyuma ya mkewe kama mtu asiyejua njia. Alikuwa mrefu, mwenye mvi za mapema. Alimsalimia Firmin, akauliza jiwe liko wapi, ingawa lilikuwa mbele ya miguu yake.

Walichimba kuzunguka mguu wa jiwe. Walilifunga magunia ili kamba isilikwaruze. Firmin alikuwa anatoa amri kwa ile sauti yake ndogo, na Omer alizifuata moja baada ya nyingine: inamisha, shika, ngoja, zungusha. Kulikuwa na wakati ambapo uzito wote wa jiwe ulilala kifuani mwa Omer, mikono yake imelikumbatia, shavu lake kwenye ule uso uliosuguliwa. Firmin alikuwa anarekebisha shimo.

“Shusha sasa, Papa Omer.”

Omer hakushusha. Alibaki vilevile amelishika, macho yamefumba, na mabega yake yakaanza kutikisika. Firmin aliacha koleo. Adolphine alikuja, akaweka kiganja chake mgongoni mwa mumewe, katikati ya ovaroli. Wakasimama hivyo watu watatu na jiwe, na hakuna aliyeharakisha.

Kisha Omer akalishusha jiwe ndani ya shimo, polepole sana, bila hata kugusa ukingo.

Firmin alipochukua tindo na kuanza kupima mahali pa K, Omer alisema, “Usiandike Kapinga.”

“Niandike nini?”

“Jina nilikuwa namuita.”

Firmin alimtazama Adolphine. Siku zile amri ya majina ilikuwa bado haijafutwa, ingawa watu hawakuwa tena wakali kama mwanzo.

“Na biro?” Adolphine akauliza.

“Biro itakuja hapa kufanya nini?” Omer akajibu. “Andika Christiane.”

Firmin alichonga mpaka alasiri. Kila pigo lilifungua ngozi nyeusi na kutoa ndani ile rangi ya papai, herufi baada ya herufi, hadi jina lote likasimama pale linang'aa. Omer alikaa kwenye nyasi akitazama. Katikati ya kazi alianza kuongea, bila kuulizwa. Alieleza jinsi mtoto alivyozoea kumngojea getini mwa stesheni, jinsi alivyojua mlio wa injini yake kati ya zote, na jinsi yeye mwenyewe alivyomwimbia mtoto ule mlio pale stesheni, kwa mdomo, ili amchekeshe. Akauiga. Ulikuwa mlio wa ajabu, kati ya mbuzi na filimbi. Adolphine, ambaye hakuwahi kuusikia mlio huo, alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo Adolphine alipanda na ndoo, kwa mazoea tu. Alipofika akaiangalia, akamwaga maji yake kwenye nyasi, akaigeuza na kuikalia. Mikono yake haikujua ifanye nini. Aliilaza mapajani, akaanza kumweleza mtoto habari za soko. Siku nyingine alikuja na Omer. Siku nyingine Omer alikuja peke yake, akitoka stesheni, kabla hata ya kufika nyumbani. Herufi ziliiva, zikawa za kahawia, na baada ya mvua kadhaa zikaanza kushika weusi. Mikono ya Adolphine nayo ilipona.

Wanunuzi walirudi kwa Firmin, lakini yeye mwenyewe hakuwa tena na pumzi. Vumbi la mawe lilikuwa limemkaa kifuani. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini alikohoa zaidi ya alivyochonga, na treni za Omer zilikuwa zimepungua, injini nyingine zimeoza kwenye gereji kwa kukosa vipuri. Wanaume wawili waliobaki bila kazi wakawa marafiki. Asubuhi zisizo na baridi, Léontine alimfunga mumewe shali shingoni, na Omer akamshika kiwiko wakapanda karieri taratibu, wakipumzika kila Firmin alipohitaji, Omer akisingizia kwamba ni yeye amechoka.

Huko juu Firmin alikaa kwenye mwamba na kumfundisha mashinisti kusikiliza mawe. Omer alizunguka na nyundo ndogo, akigonga hapa na pale, kichwa ameinamisha upande mmoja.

“Hili?”

“Hapana. Linalia kama sahani yenye ufa. Ndani kumeshakuwa tupu.”

“Na hili?”

Firmin alifumba macho. Chini kule mvuvi mmoja alikuwa anamwita mwenzake ng'ambo ya Lukuga, na sauti yake ikafunika ile ya jiwe.

“Gonga tena,” alisema. “Pole pole. Sikusikia vizuri.”

Omer akagonga tena.